Grupu la Wazazi Lisiwe la Kuomba Pesa Tu

Wadogo zangu, leo kabla hatujaongea lolote naomba ufungue simu, uingie kwenye grupu la wazazi la darasa la mwanao. Pandisha juu mpaka mwanzo wa mwezi, halafu shuka taratibu ukisoma. Mchango wa mlinzi. Mchango wa mtihani wa majaribio. Kumbusho la mchango wa mlinzi. Rambirambi. Picha ya maua iliyoandikwa asubuhi njema. Onyo la ugonjwa wa ajabu lililosambazwa kutoka kusikojulikana. Orodha ya ambao bado hawajatoa. Sasa nitafutie ujumbe mmoja tu unaosema watoto wetu wamefundishwa nini wiki hii, na mzazi afanye nini na mwanawe jioni akirudi.

Wengi hamtaupata, na hapo ndipo ninapotaka tukae leo.

Wazazi mnaoniandikia mnasema magrupu yamewachosha, mmeyazima sauti, mnayafungua mara moja kwa wiki kufuta picha zilizojaza simu. Walimu nanyi mnasema mnaandika hakuna anayejibu, mnaitisha kikao wanakuja watu kumi na watano. Mimi nayaona malalamiko haya mawili yametoka tumbo moja. Mzazi akishazoea kwamba simu ikilia kutoka shuleni ni pesa inatakiwa, ataacha kuifungua. Siku mwalimu atakapoandika jambo la maana kuhusu mtoto, nalo litapita pamoja na hayo mengine.

Magrupu mengi ninayoyafahamu yalianzishwa Machi 2020, shule zilipofungwa Tanzania kwa sababu ya korona. Mwalimu alipiga picha maswali ubaoni au kwenye kitabu, akayatuma, mama akayanakili kwenye daftari, mtoto akafanya, picha ikarudi kwa mwalimu. Ilikuwa tabu, lakini mzazi alijua mwanawe yuko wapi katika kusoma na kuhesabu. Mwishoni mwa Juni shule zikafunguliwa, masomo yakarudi darasani, na grupu likabakiwa na michango. Kile kipande kizuri tulikiacha kidondoke, na mimi naamini kinaokoteka.

Nina sababu ya kuamini hivyo. Kipindi hichohicho cha korona, Botswana walifanya jaribio kwa familia zipatazo 4,500 zenye watoto wa darasa la tatu hadi la tano. Kundi moja la familia lilipata ujumbe mfupi wa maandishi kila wiki wenye maswali ya hesabu. Kundi jingine lilipata ujumbe huohuo, kisha kila familia ikapigiwa simu ya dakika kama ishirini: mkufunzi anaomba aongee na mzazi na mtoto wakiwa pamoja, simu iko kwenye spika, wanafanya swali, anauliza kama limeeleweka. Kundi la tatu halikupata kitu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba watoto waliopigiwa simu walipanda katika hesabu, na waliopata ujumbe peke yake hawakuonyesha tofauti ya maana. Kumbuka, hizo zilikuwa simu za kawaida kabisa. Hakukuwa na video wala bando.

Kilichofanya kazi pale ni mtu. Sauti iliyomwita mzazi na mtoto wakakaa mbele ya swali moja. Kwa hiyo mwalimu ukiniuliza grupu la darasa litumike vipi, nitakwambia lifikishe sauti ya namna hiyo nyumbani, hata kama huna nafasi ya kumpigia kila mmoja.

Chukua Ijumaa iwe siku yako. Kabla hujatoka shuleni, rekodi voisi ya dakika moja, isizidi. Kwa darasa la pili inaweza kuwa hivi: “Wazazi wenzangu, wiki hii tumefanya hesabu za kutoa. Ukimtuma mtoto dukani na noti ya elfu moja, mwambie bei ya kitu kabla hajatoka, akuambie atarudi na chenji kiasi gani. Akikosea usimkemee, mpe njiti za kiberiti ahesabu. Na kila usiku akusomee mistari mitatu ya kitabu chake cha Kiswahili, uwe unaelewa au huelewi, wewe msikilize tu.” Basi. Voisi inamfikia hata mzazi asiyejua kusoma, ambaye kwa miaka yote mmekuwa mkimtumia matangazo ya kurasa mbili na yeye anaona aibu kumwomba mtu amsomee.

Na wewe mzazi, tafadhali usijibu kwa vidole gumba na “asante mwalimu” themanini. Jibu kwa kile ulichokiona: “Chenji ya elfu moja kutoa mia sita hamsini amekosea, ya mia tano amepata.” Mwalimu wa shule ya serikali mwenye watoto mia moja darasani hana namna ya kumsikiliza kila mmoja akihesabu. Wewe unaye mmoja au wawili mezani. Ukimwambia ulichokiona, Jumatatu anajua aanzie wapi. Kama hutaki darasa zima lijue mwanao anakosea, na una haki ya kutotaka, mwandikie mwalimu pembeni.

Walimu, nimewasikia pia kuhusu bando na usiku. Wengi mnalipia intaneti ya kazi hii mfukoni mwenu, na kuna wazazi wanaowapigia saa tano usiku kuuliza sweta limepotelea wapi. Hili lipelekwe kwenye kamati ya shule likazungumzwe bila haya: bando la mwalimu wa darasa ni gharama ya mawasiliano ya shule. Na saa zipangwe. Mwisho saa mbili usiku, Jumapili kimya, dharura tu ndiyo ipigwe simu.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma kuliko yote, mzazi wa kitochi.

Katika darasa lilelile la grupu lenye kelele kuna bibi anayelea wajukuu, simu yake ni ya batani, imefungwa kwa mpira wa manati ili betri isidondoke. Kuna baba mchimba mawe ambaye simu janja yake ilikufa skrini mwaka jana, hajapata pesa ya fundi. Kuna mama ana simu nzuri lakini bando ananunua akipata, na akipata ni la siku moja. Tangazo likiishia kwenye WhatsApp, hawa hawajaambiwa. Halafu kwenye kikao wanasemwa kuwa ni wazazi wasiojali. Jamani, hilo ni dhuluma, na wanaoilipa ni watoto wao, maana mtoto ndiye anayesimamishwa mstarini kuulizwa kwa nini hakuja na fagio.

Shule inayotaka kufanya vizuri itaanza Januari kwa karatasi moja: jina la mtoto, nani anaishi naye, namba yake, simu ya aina gani, anakaa mtaa gani karibu na nani. Kila mwenye kitochi aunganishwe na mzazi jirani aliyemo kwenye grupu, kwa ridhaa ya wote wawili, ambaye kazi yake ni kupita na kumwambia, au kumwandikia ujumbe wa kawaida. Nimeona wanawake wakilifanya hili vizuri sana bila kuelekezwa na mtu. Wanakutana bombani, wanapeana habari za shule. Tulipe utaratibu tu. Mambo makubwa yaandikwe kwenye daftari la mtoto, yabandikwe kwenye mbao za matangazo getini, yatangazwe msikitini Ijumaa na kanisani Jumapili, mwenyekiti wa mtaa au kitongoji apewe nakala. Hizo njia zilikuwepo kabla ya WhatsApp na bado zinafika mbali.

Na uamuzi usipitishwe kwenye grupu. Hili nalisema kwa herufi nzito. Mtu mmoja anaandika “napendekeza elfu tano”, watatu wanajibu “sawa”, kesho yake tangazo linatoka kwamba wazazi wamekubaliana. Wazazi gani? Wale kumi na wawili waliokuwa na bando saa nne usiku? Kila shule ya msingi ina kamati yake, nyingi sasa zina ushirikiano wa wazazi na walimu wa kila darasa, wenyewe mnauita UWAWA. Grupu litangaze siku ya kikao, likusanye hoja, likumbushe. Kikao ndicho kiamue, watu wakiwa wamekaa chini ya mwembe wanaonana macho.

Mkishaamua, fedha ziende mwangani. Shule za msingi za serikali hazitozi ada, na mtoto hapaswi kurudishwa nyumbani kwa sababu mzazi wake hajatoa mchango. Kwa hiyo ile orodha ya majina ya wasiotoa, inayotumwa kila Jumatatu ikiwa na alama nyekundu pembeni, naomba ifutwe. Inamdhalilisha mzazi mbele ya majirani zake, na watoto wakubwa wanaoshika simu za mama zao wanaisoma, kesho wanamtania mwenzao. Mhazini atume jumla: tumepata kiasi hiki, tumetumia hiki, kimebaki hiki, na picha ya stakabadhi ya duka la vifaa. Wenye kuchelewa aongee nao mmoja mmoja. Amini usiamini, watu wanatoa zaidi wakiona pesa ya mwezi uliopita imekwenda wapi.

Tena si kila mzazi anachoweza kutoa ni pesa. Andikeni kwenye grupu namna hii: “Madawati sita ya darasa la nne yamevunjika miguu. Nani ana mashine ya kuchomelea? Tunakutana Jumamosi saa tatu asubuhi, chai ipo.” Watakuja mafundi ambao hamkujua kuwa ni mafundi. Mwingine ataleta debe la mahindi ya uji, mwingine ni muuguzi wa zahanati atakuja kuongea na wasichana wa darasa la sita kuhusu hedhi, mwingine ni bodaboda anayejua ni saa ngapi malori yanapita kwa kasi pale watoto wanapovukia. Huyo wa mwisho msikilizeni sana. Picha mbili za kivuko zikiandamana na barua ya kamati kwa mtendaji, nakala kwa diwani, zina nguvu kuliko miaka ya kunung'unika. Jamii inashiriki shule inapoulizwa kitu inachokijua.

Kuna mdogo wangu mmoja anafanya kazi za ndani Muscat, mwanawe yuko Tanga kwa mama yake mzazi. Ameniuliza: “Dada, mimi nipo kwenye grupu, bibi mtu ana kitochi. Natuma pesa kila zinapotakiwa, lakini sijui mtoto anaendeleaje.” Mwaya, hali yako ni ya wengi, walio Uarabuni na hata walio Dar es Salaam na watoto wako kijijini. Kwanza, bibi ndiye mzazi wa kila siku, na mwalimu lazima awe na namba yake, asikupigie wewe uliye ng'ambo mtoto akipata homa. Kila voisi ya Ijumaa ikitoka, mpigie bibi umweleze, dakika tano zinatosha. Pili, Muscat imetutangulia saa moja tu, kwa hiyo tafuta saa moja ya jioni isiyobadilika ambayo mwajiri wako anaijua na mtoto anaijua. Simu ya jirani yenye video ikipatikana, mwambie mwanao akusomee kitabu, asikuonyeshe alama tu. Mtoto anayeulizwa “umepata ngapi?” kila akipigiwa simu ataanza kuikimbia simu. Muulize anakaa dawati moja na nani, nani amemkasirisha, wamecheza nini mapumziko, kisha ndipo uulize hesabu. Na kikao cha wazazi kikifika, mwombe mwalimu akupe dakika zako kumi siku hiyohiyo kwa simu. Walimu wengi watakubali ukiomba kwa heshima na mapema.

Akina baba, na nyinyi. Kwenye grupu la darasa utakuta “Mama Neema, Mama Juma, Mama Pili”, baba mmoja mmoja kama chumvi. Baba aingizwe kwenye grupu kama mama. Asisubiri kuambiwa matokeo mezani usiku, halafu alaumu.

Picha sasa. Najua furaha ya kumwona mwanao kwenye mahafali, amevaa joho dogo la chekechea. Lakini sikieni kilichotokea Kenya: Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza faini shule moja ya Uthiru, Nairobi, ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila ridhaa ya wazazi. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume ya kuisimamia. Shule yenye ukurasa wa Instagram au Facebook iombe ridhaa ya maandishi mwanzoni mwa mwaka, na mzazi anayesema hapana asinuniwe. Picha inayoonyesha mikono ikipanda miti, migongo ikikimbia, michoro ukutani, inaitangaza shule vizuri tu. Na wewe mzazi mwenye stetasi, ukiweka sura ya mtoto, jina lake kamili, nembo ya shule kwenye sare na saa anayotoka, umemwelekeza mtu usiyemjua amsubirie wapi.

Alama za mtihani ni hivyohivyo. Baraza la Mitihani la Tanzania lenyewe liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora Januari 2023. Iweje mwalimu wa darasa la tatu arushe karatasi ya matokeo kwenye grupu, wa kwanza mpaka wa mia na kumi na mbili? Yule wa mia na kumi na mbili ana mama anayeisoma. Kila mzazi apewe za kwake. Ukiona kazi ni kubwa, wape watoto karatasi zao na utangaze tu kwamba zimetoka.

Kuna siku utakasirika. Mtoto amerudi na alama ya fimbo, au na daftari lililochanwa, na kidole kinawasha kuandika kwenye grupu saa hiyohiyo. Ngoja. Grupu halina uwezo wa kulitatua. Litagawanyika pande mbili, skrinshoti zitatoka nje, na mtoto wako atabaki kuwa habari. Piga picha ya jeraha uihifadhi, usiitume. Nenda kwa mwalimu wa darasa, kisha mwalimu mkuu, kisha kamati ya shule. Kama ni ukatili au mtoto ameguswa vibaya, usipitie ngazi hizo. Piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na hakikisha mtoto anapelekwa hospitali mapema. Jina lake lisionekane kwenye grupu lolote.

Matapeli nao wanasoma magrupu. Anakupigia mtu: “Mimi mwalimu wa zamu, mwanao ameanguka, tuma elfu hamsini ya hospitali kwa namba hii.” Kata simu, mpigie mwalimu unayemjua kwa namba uliyoihifadhi. Namba ya tapeli itume 15040. Na ile tabia ya kutuma orodha ya wazazi wote yenye majina, namba na madarasa ya watoto, ndiyo inayowapa kazi.

Kuhusu admini. Wengi mmeuliza awe nani. Wawe wawili, mwalimu wa darasa na mzazi mmoja aliyechaguliwa kwenye kikao, mtulivu, asiye na chama cha kukipigia debe wala vitenge vya kuuza. Fungueni magrupu mawili: moja la matangazo ambalo maadmini tu ndio wanaoandika, la pili la maongezi kwa anayetaka. Hapo aliyechoka na soga hatakosa tarehe ya chanjo. Anayesambaza habari isiyo na chanzo aulizwe kwa upole ameipata wapi, na kama hajui, aifute.

Watoto wakishafanya mtihani wa darasa la saba Septemba, msiliache grupu likielea hadi liwe uwanja wa mikopo ya mtandaoni. Mhazini atoe hesabu ya mwisho, kilichobaki kiende kilikoamuliwa na kikao, picha za watoto zifutwe, maadmini walifunge. Wanaotaka kuendelea wafungue lao jipya kama wazazi wa zamani wa shule, na kazi yao ya kwanza nimeshawapa: wale watoto wa madarasa ya chini ambao walezi wao wana vitochi, kila mmoja achukue mmoja anayekaa mtaa wake.